Mnamcheka Augustino kwa Lipi?

Kuna kicheko kimoja kimekuwa kama ada katika madarasa ya teolojia. Mwalimu anasoma jinsi Augustino wa Hippo alivyoufasiri mfano wa Msamaria Mwema: aliyeshuka kwenda Yeriko ni Adamu, wanyang'anyi ni shetani na malaika zake, kuhani na Mlawi ni ukuhani wa Agano la Kale usioweza kuokoa, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa, na mwenye nyumba, makubwa haya, ni mtume Paulo. Darasa linaangua kicheko. Kisha anatajwa C. H. Dodd, aliyeuweka ufafanuzi huohuo mwanzoni mwa kitabu chake cha 1935 kuhusu mifano ya Ufalme ili tuone upotofu wake, na kabla yake Adolf Jülicher, Mjerumani aliyetangaza tangu 1888 kwamba mfano wa Yesu una hoja moja tu, basi. Kesi imefungwa.

Imefungwa na nani? Mimi naifungua.

Jülicher alipofika Marko 4, ambako Yesu anafafanua ndege, miamba na miiba ya mfano wa mpanzi kimoja kimoja, alisema maelezo hayo si ya Yesu, ni ya Kanisa la mwanzo. Kwa nini si ya Yesu? Kwa sababu ni istiara, yaani fumbo ambamo kila kitu kinasimama badala ya kingine. Na tunajuaje kwamba Yesu hakufundisha kwa istiara? Kwa sababu kila palipokuwa na istiara tumekwisha kupafuta! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akileta hoja inayojizunguka hivi, anarudishiwa karatasi yake. Profesa akiileta kwa juzuu mbili nene, inaitwa sayansi. Wataalamu wengi waliofuata wamelikataa sharti hilo la hoja moja, lakini kicheko kimebaki palepale.

Na wanaochekwa ni akina nani? Origene wa Aleksandria, bingwa wa mafumbo kuliko wote, ndiye huyohuyo aliyelipanga Agano la Kale katika safu sita, Kiebrania kando ya tafsiri za Kigiriki, akilinganisha neno kwa neno katika karne ya 3, bila kompyuta. Mtu huyo alikimbilia mafumbo kwa kushindwa kusoma? Alisoma mno! Alisoma hadi akauliza siku tatu za kwanza za uumbaji zilikuwaje na jioni na asubuhi pasipo jua, mwezi wala nyota. Wapo wanaodhani swali hilo lilizaliwa Ulaya baada ya Darwin.

Augustino naye. Katika kitabu cha kwanza cha De Doctrina Christiana anauchukua mfano uleule wa Msamaria na kuusoma waziwazi, bila fumbo: jirani yako ni yeyote anayehitaji huruma yako. Hoja moja ya Jülicher, hiyo hapo, miaka zaidi ya 1400 kabla ya Jülicher! Wala haikumzuia kumwona Kristo katika yule anayeinama barabarani kufunga majeraha ya mtu asiyemjua. (Paulo kuwa mwenye nyumba ya wageni, hapo hata mimi simfuati.) Msomi anayemnukuu Augustino wa nyumba ya wageni na kumnyamazia Augustino wa jirani ametuonyesha nusu ya mtu, halafu anatutaka tucheke.

Ila wahubiri wasinipigie makofi mapema. Yule anayesimama madhabahuni na kutangaza kwamba dinari mbili alizolipa Msamaria ni zaka na mbegu ya kupandwa katika huduma yake, asijifiche nyuma ya mababa wa Kanisa. Augustino huyohuyo, katika kazi hiyohiyo, anawataka wafasiri wajifunze Kigiriki na Kiebrania, tena anasema ni nadra Maandiko kuficha kwenye fumbo jambo ambalo hayalisemi waziwazi mahali pengine. Basi mhubiri atufungulie mahali hapo pengine, sura na mstari, panapotaja akaunti yake.