Viwavijeshi na Mvua za Kwanza
Kiwavijeshi wa Afrika, yaani buu la nondo linaloshambulia mahindi, mtama na nyasi za malisho, hutokana na nondo wanaoruka usiku wakisukumwa na upepo. Pepo zinapokutana na kuinua mawingu ya mvua, nondo hao hukusanywa mahali pamoja na kutaga mayai kwa wingi. Ndiyo maana nchini Tanzania na Kenya milipuko mikubwa huelekea kufuata ukame uliokatizwa na mvua za vipindi, ilhali mvua kubwa za mfululizo huua viwavi wachanga, ambao bado ni wa kijani na huonekana kwa shida. Kwa hiyo, kwa anayetaka kutabiri mlipuko, mtego wa nondo usioambatana na kipimamvua hutoa nusu tu ya habari, na anayesubiri kuona majani yametafunwa amekwisha kuchelewa.