Ndege za Shabunda: mpira mkubwa hautoshi bila mfereji

Mvua ikinyesha usiku kucha hapa Shabunda, asubuhi kila mtu anauliza swali moja: ndege itatua leo?

Kwa mtu wa mji mkubwa hilo ni swali la safari. Kwetu ni swali la chumvi, sabuni, dawa na chanjo za watoto. Barabara ya Bukavu ni matope matupu, kwa hiyo vitu vingi vya dukani vinatufikia kwa ndege. Ndege isipotua, bei inapanda sokoni, na wa kwanza kuumia ni familia zilizohama, zilizoacha shamba na akiba nyuma.

Siku hizi wamotari, wanafunzi, hata wazee wanasema hivi: tuletewe ndege zenye mipira mikubwa, mambo yataisha. Ndugu zangu, nakubali nusu.

Nusu ya kweli ni hii. Mpira wa ndege unakandamiza udongo karibu sawa na nguvu ya upepo uliojazwa ndani yake. Mpira mwembamba wenye upepo mwingi ni kama kiatu cha kisigino kirefu kwenye matope: unazama. Mpira mpana wenye upepo kidogo ni kama mguu mtupu: unapita juu.

Ndege ya Cessna Caravan inaweza kufungwa mipira ya namna mbalimbali. Mpira wa kawaida wa magurudumu ya nyuma ni 6.50-10, yaani upana wa inchi 6 na nusu kwa rimu ya inchi 10. Kuna mpana zaidi, 8.50-10. Na kwa viwanja vibovu kuna 29x11-10: kimo inchi 29, upana inchi 11, rimu ileile. Gurudumu la mbele pia linaweza kupewa mpira mpana, ili pua isizame.

Lakini hakuna cha bure. Mpira mkubwa ni mzito, na angani unashindana na upepo, kwa hiyo mwendo wa ndege unapungua. Kila kilo iliyoongezwa kwenye magurudumu inatolewa kwenye mzigo. Ni kilo ya chumvi iliyobaki nyuma.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Marubani wana hesabu yao: chukua upepo wa mpira kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9. Unapata mwendo, kwa noti, ambao ukizidi, mpira unaelea juu ya maji yaliyotuama. Mpira wa psi 49 unaelea kuanzia noti 63, karibu kilomita 117 kwa saa. Mpira wa psi 25 unaelea kuanzia noti 45, karibu kilomita 83 tu. Mpira unaoelea haushiki breki. Maana yake, mpira laini unaotusaidia kwenye udongo mwororo, kwenye dimbwi unachelewa kushika chini, na ndege inazidi kuteleza kuelekea mwisho wa kiwanja.

Watu wanatoa mfano wa Alaska, kule Marekani, ambako ndege ndogo kama Piper Super Cub zinatua kando ya mito kwa mipira minene kama maboga. Ni kweli. Lakini mara nyingi wanatua juu ya changarawe, na changarawe inapitisha maji. Udongo wetu unayashika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kuchagua mpira ni kazi ya kampuni na rubani, na mashirika yanayokodi ndege yaulize mapema: wakati wa mvua mtafunga mpira gani, na mtabeba kilo ngapi? Lakini kuondoa maji kiwanjani ni kazi inayoanzia hapa. Mifereji ya pande zote mbili izibuliwe. Mashimo yajazwe changarawe na kushindiliwa. Pikipiki ziache kukatiza kiwanja kikiwa kimelowa, maana alama ya gurudumu lako leo ni dimbwi la kesho.

Wengine watasema kiwanja ni cha serkali. Sawa, na serkali iwajibike: kama kuna pesa inayolipwa kwa mizigo, sehemu irudi kwenye kiwanja. Lakini chumvi ni yetu.

Na neno moja kwa viongozi wetu: salongo isigeuzwe kuwa mzigo wa wahami. Mama aliyefika juzi na watoto watatu asilazimishwe kuchimba bila kitu. Kukiwa na kazi ya siku nyingi, alipwe kama wengine.

Sisi wenyeji tusingoje. Tupange siku kabla mvua haijazidi, na mwenye jembe aje nalo.