Papasi Amebapa, Kiroboto Amebanwa



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo linalotusumbua sisi wa kidato cha nne, nalo ni yale maneno ya Biolojia yaelezayo maumbo ya miili ya wanyama. Mengi asili yake ni Kilatini, nasi twayapokea kwa Kiingereza, twayakariri, twayaandika katika mtihani, kisha twayasahau. Maoni yangu ni kwamba kila neno la namna hiyo lielezwe kwanza kwa Kiswahili, mbele ya mnyama mwenyewe ikiwezekana, ndipo jina la kigeni lifuate.

Muhula uliopita tulipewa jaribio. Swali moja lilitaka tutofautishe umbo la papasi na la kiroboto. Mimi niliandika maneno yangu mawili ya kigeni, nikapata alama zote. Jirani yangu, ambaye kwao ni hapa hapa Kigwa, aliandika kwa Kiswahili kwamba papasi amebapa kama chapati apate kuingia katika ufa wa ukuta, na kiroboto amebanwa mbavuni kama sarafu iliyosimamishwa, apate kupita katikati ya manyoya ya mbwa. Akapata sifuri. Kusema kweli, aliyejua ni yeye. Mimi siku ile ningeulizwa "kwa nini?" ningenyamaza.

Na hiyo "kwa nini" si jambo dogo hapa petu. Kigwa ipo katika njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Stanley alipita hapa mwaka 1871. Katika njia hizo wapagazi walilala vibandani, na papasi waliwangoja humo. Papasi mwenye njaa ni mwembamba, hukaa ufani mchana kutwa. Usiku hutoka, hunyonya damu, huvimba, kisha hurudi. Ndiye aletaye homa ya papasi, ile imwachayo mtu siku chache halafu ikamrudia. Mwaka 1905 daktari Mjerumani, Robert Koch, aliwachunguza papasi wa njia za misafara katika nchi hii, akaona vijidudu vya homa hiyo hata ndani ya mayai yao. Basi ajuaye kwamba papasi amebapa ajua pia kwa nini yafaa kuziba nyufa za nyumba. (Kunguni naye, ambaye sisi wa bwenini hatuna haja ya kumtafuta mbali, amebapa vivyo hivyo.)

Wako wasemao Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kabla sisi hatujazaliwa. Lililopungua ni kuifungua.

Nakiri kuna penye ugumu. Samaki kama jodari ni mnene katikati, naye amechongoka mbele na nyuma. Umbo hilo huitwa fusifomu, na Kilatini chake ni kijiti cha kusokotea uzi, ambacho mimi sijakiona kwa macho. Rafiki mmoja alisema tuliite umbo la pia, lakini katika hesabu pia ina ncha moja tu. Mimi nikasema kiazi kitamu. Walinicheka sana, ila tangu siku hiyo hakuna bwenini kwetu aliyelisahau umbo hilo. Nani hapa Tabora, aliyekuzwa kwa michembe, asiyekijua kiazi?

Sisemi tuache Kiingereza. Mtihani wa Taifa wa Biolojia twaufanya kwa lugha hiyo, na Mhindi au Mbrazili asomaye habari za papasi lazima atuelewe. Nawaomba walimu wetu jambo moja tu: katika majaribio ya hapa shuleni, mwanafunzi aliyeeleza umbo sawasawa kwa Kiswahili apewe walau nusu ya alama, na neno la Kiingereza aandikiwe pembeni kwa wino mwekundu. Jirani yangu hakudai za kwake. Nazidai mimi, maana zangu naona nilizipata kwa urahisi mno.