Fidla Imfuate Mtoto

Mtoto anayejifunza fidla hufika kliniki bila fidla yake. Huja na mama, kadi na maumivu ya shingo yaliyodumu wiki kadhaa. Mhudumu humpapasa bega, humwinua mkono, haoni uvimbe wala homa. Humwandikia dawa ya kutuliza maumivu na kumshauri apumzike. Mtoto hupumzika, maumivu huondoka. Akirudi mazoezini, nayo hurudi. Mzazi huanza kuamini kwamba muziki haumfai mwanawe, ilhali hakuna aliyepata kumtazama akipiga.

Zanzibar ndipo mahali pa kulipima jambo hili, kwa kuwa huko fidla si ala ya wageni. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905, na tangu mwaka 2002 Mji Mkongwe una Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako vijana husomea fidla, udi na ganuni. Lakini wengi hujifunza pia kwa kuketi kando ya mpigaji mzoefu na kumtazama. Ni njia njema ya kurithi mapigo, ila jicho la mtoto halichagui: huiga pia bega lililopanda na shingo iliyopinda, mambo ambayo huenda mzee ameletewa na umri.

Kosa kubwa kuliko yote ni kipimo. Fidla ya mtu mzima ina kiwiliwili cha takriban sentimita 35.5. Zipo ndogo zaidi, za robo tatu, nusu na robo, zilizoundwa kwa ajili ya watoto. Mtoto wa miaka 9 akikabidhiwa ile kubwa kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini, mkono wake wa kushoto hunyooka kupita kiasi, kifundo hukunjika ili vidole vifikie nyuzi, bega hupanda kuelekea sikio, na kidevu hubana ala isidondoke. Misuli ya shingo imegeuzwa koleo. Kupima hakuhitaji mashine: fidla huwekwa begani, mkono wa kushoto hunyooshwa chini yake, na kichwa cha fidla kikivuka katikati ya kiganja, ala hiyo ni kubwa mno kwake.

Shule isiyo na fidla ndogo ina hoja ya kweli, fedha hazitoshi. Kitambaa kilichokunjwa huziba nafasi kati ya mtulinga na ala, lakini hakiifupishi fidla. Ni heri mtoto huyo angoje, aimbe, ajifunze mizani ya ngoma, kuliko kujifunza kwa mwili uliojikaza tabia itakayochukua miaka kuondolewa. Wanaosema kwamba mwanafunzi ndiye wa kuifuata ala wakumbuke kiegemeo cha kidevu: kilibuniwa na mpiga fidla wa Ujerumani, Louis Spohr, yapata mwaka 1820. Ikiwa bingwa aliongezewa kipande cha mti ili mwili wake upate nafuu, mtoto atanyimwa kwa sababu gani?

Amri ya "kaa wima!" nayo husaidia kidogo sana. Mtoto akiisikia hujikaza kama mlingoti, huzuia pumzi, na baada ya dakika 5 huporomoka. Mkao mwema ni ule unaoweza kuuacha na kuurudia: nyayo zote mbili sakafuni, uzito juu ya mifupa ya makalio, mabega yaliyoshuka, kichwa kinachoweza kugeuka wakati wowote bila fidla kuanguka. Kwa mpiga udi tatizo ni mgongo wa ala, ambao ni wa mviringo na huteleza. Mtoto huinama kuukamata na kuzichungulia nyuzi. Kibao kidogo chini ya mguu wa kulia huinua paja na kuondoa sehemu kubwa ya kuinama huko.

Kisha zije siku za kuelekea Idi, maonyesho yanapokaribia. Aliyekuwa akipiga nusu saa hutakiwa kupiga saa tatu, na akilalamika huambiwa mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo ilikusudiwa jasho la mkulima, si kano za mtoto ambaye mifupa yake inarefuka kwa kasi kuliko misuli inavyoweza kuifuata. Ongezeko la ghafla la mazoezi ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana zaidi vya majeraha ya wanamuziki.

Kwa hiyo mhudumu wa afya aseme jambo moja tangu ziara ya kwanza: lete ala yako. Dakika 5 za kumtazama mtoto akipiga zitamfunulia mengi. Hata hivyo asiilaumu fidla kwa kila kitu. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete, mkono unaolegea, maumivu yanayomwamsha usiku, kiungo kilichovimba au homa ni mambo ya kuchunguzwa haraka. Na katika nchi hii mtoto anayeumwa mifupa mara kwa mara apimwe selimundu kabla ya kuhukumiwa mkao wake.

Yakibainika kuwa ni mazoezi, mtoto apewe barua fupi ya kumpelekea mwalimu: apige dakika 10 mara mbili kwa siku katika wiki ya kwanza, aongezewe dakika chache kila wiki maadamu haumwi, na abadilishiwe fidla.