Cha Bure Nacho Kina Mwenyewe



Juma hili nawaalika tutafakari jambo linaloonekana dogo: picha tunazozitia katika machapisho ya mahali petu pa kazi. Hapa Bonga, na Babati kwa jumla, shule huwa na jarida lake, zahanati kipeperushi chake, na SACCOS taarifa yake ya mkutano mkuu. Anayekabidhiwa kazi hiyo hufungua intaneti, hutafuta "mkulima" au "mtoto mgonjwa", huchukua picha ya kwanza iliyompendeza, na kazi imekwisha. Akiulizwa, hujibu: "Ni ya bure, nimeikuta mtandaoni."

Wapendwa, kuonekana na wote si kuwa mali ya wote. Mahindi yaliyo kando ya barabara ya Kondoa huonwa na kila msafiri, lakini yana mwenye shamba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi ya aliyeipiga, na iliweka ulinzi wa uhai wake wote pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwetu sisi waamini jambo hili laigusa Amri ya Saba, kwa maana jasho la mpiga picha ni jasho kama la mkulima.

Je, ofisi isiyo na fedha ifanye nini? Ziko njia tatu zilizo halali.

Ya kwanza ni kazi ambazo muda wa ulinzi wake umekwisha. Caravaggio alifariki mwaka 1610. Michoro yake ni urithi wa wote. Tangu mwaka 2017, jumba la makumbusho la Metropolitan la New York limeruhusu picha za kazi nyingi za namna hiyo zitumike bila malipo. Lakini tusidhani kwamba kila picha takatifu ni ya kale. Adolf Hyła, aliyechora mojawapo ya picha za Huruma ya Mungu zinazojulikana sana, alifariki mwaka 1965 tu; na Poland, nchi yake, hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo.

Ya pili ni picha ambazo wenyewe wameziruhusu kwa leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Hazina ya Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004, ina nyingi za aina hiyo. Someni masharti: BY hudai mtaje jina la mwenye kazi, NC hukataza matumizi ya kibiashara, ND hukataza kugawa picha iliyobadilishwa, SA hudai mkiibadilisha muitoe kwa masharti yaleyale. CC0 haidai lolote.

Ya tatu, nami naiona bora, ni kupiga picha zetu wenyewe. Kwa nini kipeperushi cha zahanati yetu kibebe uso wa mtoto wa nchi ya mbali, hali Ziwa Babati, Mlima Kwaraa na watu wetu wapo? Ila tuombe ridhaa ya anayepigwa, na kwa mtoto, ya wazazi wake. Leseni hutoa ruhusa ya mpiga picha. Haimsemei aliye ndani ya picha. Maskini naye ana heshima yake, na uso wake si pambo la taarifa yetu.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila ofisi iwe na daftari la picha: imetoka wapi, ya nani, kwa leseni ipi, imechukuliwa lini. Kisha chini ya picha liandikwe jina la aliyeipiga. Mstari huo mmoja hautugharimu hata shilingi, nao ni shukrani. Kuna tofauti kubwa kati ya kupewa na kujichukulia: aliyepewa humjua aliyempa, naye humshukuru.

Nawatakia juma lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Padre