Sheria ya Ndoa Ibandikwe Ofisi ya Kata

Mwanamke wa Chemba anayetafuta talaka hapaswi kuanzia mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, apitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Asipokuwa na hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana, shauri lake huweza kutupwa. Wala asidanganywe kwamba hana chake: mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Maarifa haya yanaenea ukurasa mmoja wa Kiswahili. Halmashauri iubandike katika kila kata, pamoja na majina ya wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya 2017. Mnyonge asilipe nauli ya kwenda kurudishwa.