Ndege ya mtu mmoja haitatoa nyanya zako shambani



Kila masika barabara zikikatika naanza kutumiwa video za vile vyombo vya umeme vyenye mapangaboi mengi. Mtu anakaa katikati, chombo kinapaa wima kama helikopta, kinatua popote. Swali huwa ni lile lile: "Bwana shamba, hiki kikifika kwetu si tutaachana na haya matope?" Siku hizi wengine wanauliza kama kikundi kinaweza kutenga pesa mapema ili kiwahi nafasi. Jibu langu ni hapana, na sababu ni za hesabu.

Kwanza tukubaliane kwamba vyombo hivi vipo kweli. Jetson ONE, iliyoanzia Uswidi, inabeba mtu mmoja asiyezidi kilo 95 na inakaa hewani kama dakika 20. EHang EH216-S ya China ina viti viwili na haina rubani. Oktoba 2023 mamlaka ya anga ya China iliipa cheti cha kuthibitisha muundo wake, na safari yake ni kama kilomita 30. Kampuni ya Joby ya Marekani inatengeneza ya rubani na abiria wanne, lakini hiyo imekusudiwa kazi ya teksi, siyo mtu kuiweka nyumbani.

Sasa kwa nini dakika 20 tu? Jaza bomba la mgongoni lita 20, livae, halafu simama tu bila kutembea. Baada ya muda utachoka, ingawa hujaenda popote. Ukiliweka kwenye pikipiki, ardhi ndiyo inabeba uzito na injini inasukuma tu. Chombo kinachopaa wima kinaubeba mzigo wake wote kwa nguvu ya mota, kila sekunde. Na betri ni nzito: kilo moja ya petroli ina nishati ya karibu wati-saa 12,000, wakati kilo moja ya betri ya lithiamu inatoa kama 250. Mota ya umeme inatumia nishati vizuri kuliko injini, hilo ni kweli, lakini pengo bado ni kubwa. Tena petroli ikitumika tangi linapungua uzito. Betri ikiisha chaji, uzito uko pale pale.

Turudi kwenye nyanya. Una kilo 70, umepanda Jetson. Zimebaki kilo 25, yaani debe moja la nyanya na kidogo, hata kama kungekuwa na mahali pa kulifunga. Chombo hicho kilitangazwa kwa dola 92,000 kilipoanza kuuzwa, zaidi ya shilingi milioni 200. Toyo ya kawaida inabeba mamia ya kilo. Kwa hizo milioni 200 unapata kirikuu kadhaa na bado unabaki na pesa ya mbolea.

Upande wa pesa ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Volocopter ya Ujerumani ilitarajia kubeba abiria wakati wa Olimpiki ya Paris 2024. Haikuwezekana, na Desemba mwaka huo iliomba ulinzi wa ufilisi. Lilium, ya Ujerumani pia, ilifika huko miezi miwili kabla. Huko Marekani Paul Moller alitumia miongo mingi kwenye gari lake la kuruka, Skycar. Lilionyeshwa likielea huku limefungwa kamba ya usalama, na halikufika sokoni. Kama kampuni zenye wahandisi mamia na wawekezaji wakubwa zinaanguka, kikundi cha vijana 15 kinaweka akiba yake huko kwa usalama gani? Mtu akikuambia "lipia nafasi mapema", mwambie akuonyeshe kwanza kibali cha TCAA cha kuruka na abiria.

Lakini teknolojia yenyewe siyo ya kudharau. Rwanda ilianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani za Zipline, na baadaye zikabeba hata mbegu za uhamilishaji wa nguruwe. Angalia mizigo hiyo: ni miepesi, ina thamani kubwa, na inahitajika haraka. Nyanya, viazi na vitunguu ni vizito na kilo moja ni bei ndogo. Hivyo vitaendelea kwenda kwa magurudumu.

Kwetu sisi, chombo kinachopaa wima chenye faida ni droni ya kunyunyizia dawa. Agras T40 ya DJI ina tangi la lita 40. Inatumia betri za lithiamu zenye udhaifu ule ule, inaruka dakika chache tu, ila haina haja ya kwenda mbali. Inazunguka shambani, inarudi pembeni, unabadilisha betri na kujaza dawa. Haina mtu juu yake, kwa hiyo uzito wote unaobebwa unafanya kazi. Na kijana hatembei katikati ya mpunga akivuta dawa puani.

Hata hiyo, msikimbilie kununua. Anzeni kwa kukodi msimu mmoja, na mumuulize mtoa huduma mambo haya:

1. Droni imesajiliwa na ina kibali cha TCAA?
2. Dawa imesajiliwa na TPHPA, na lebo inaruhusu kunyunyiziwa kutoka angani?
3. Upepo ukizidi anasimamisha kazi, au dawa inaenda kwa jirani mwenye mizinga ya nyuki?
4. Bei kwa ekari ni ngapi ukilinganisha na vibarua, na akiharibu zao nani analipa?

Na yale matope? Kikundi kikichanga kwa karavati mbili na malori matatu ya moramu, kisha kikapeleka barua TARURA kupitia mtendaji wa kijiji, kirikuu kitafika shambani msimu huu huu. Mkutano ujao wa kikundi, wekeni ajenda hiyo iwe ya kwanza, na mje na daftari la hesabu.